Dakika Sita za Ronaldo na Miezi Yangu Kumi na Mitatu

Mlio niliusikia kabla ya kuhisi maumivu. Ulikuwa mkavu na mfupi, na mlinda mlango wa timu pinzani, aliyekuwa amesimama hatua kama kumi kutoka nilipokuwa, aliniambia baadaye kwamba naye aliusikia, akageuka kutazama nani amekanyaga nini. Hakuna mchezaji aliyenigusa. Krosi ilikuwa imepigwa kutoka upande wa kulia, nami nilikuwa nimekita mguu wa kulia chini ili niruke kuufuata mpira kwa kichwa, jambo nililokuwa nimelifanya maelfu ya mara tangu utotoni. Mguu ulikubali kukunjika, lakini ulikataa kunyooka, na nikajikuta nimekaa kwenye nyasi huku nimelishika paja. Nilipoteremsha mkono kulitafuta goti, nilikuta kishimo mahali inapokaa pia ya goti, ule mfupa wa mbele wa goti. Pia yenyewe ilikuwa imepanda juu, chini ya ngozi ya paja, na ilipogusika niliondoa mkono haraka kama mtu aliyegusa kitu cha mwenzake bila ruhusa.

Nilikuwa na umri wa miaka 27, mshambuliaji wa kati wa timu ya ridhaa, mtu wa kwenda kazini asubuhi na mazoezini jioni. Sikuwa nyota, wala hapakuwa na klabu kubwa iliyokuwa ikinisubiri. Lakini mtu anayecheza bila malipo huupenda mpira pengine kuliko anayelipwa, kwa kuwa hana sababu nyingine ya kuwa pale, na swali nililowauliza walionibeba halikuwa kama nitatembea, bali kama nitacheza tena. Ilinichukua miezi kumi na mitatu kupata jibu. Katika miezi hiyo mwalimu wangu mkubwa alikuwa mtu ambaye sijawahi kukutana naye, Ronaldo Luís Nazário de Lima wa Brazil, na somo lake halikutoka kwenye mabao aliyofunga, kama nilivyodhani mwanzoni. Lilitoka kwenye dakika sita ambazo mashabiki wake wengi wangependa kuzisahau.

Kwanza nieleze kilichokatika, maana nilicheza mpira kwa miaka ishirini bila kujua goti langu linavyofanya kazi. Misuli mikubwa ya mbele ya paja huishia kwenye pia ya goti, na kutoka kwenye pia hiyo inashuka kano moja fupi na nene hadi kwenye mfupa wa muundi. Misuli inapojikaza huivuta pia, pia huivuta kano, na kano huuvuta muundi, ndipo mguu unaponyooka. Kano hiyo ikikatika, mnyororo wote umevunjika, na hata paja liwe na nguvu za ng'ombe, mguu hauwezi kuinuka kutoka kitandani ukiwa umenyooka. Ndiyo maana daktari wa zamu hakuhitaji mashine kuutambua ugonjwa wangu; aliniambia niuinue mguu, akauona umelala pale pale, akatikisa kichwa. Siku ya sita nilifanyiwa upasuaji. Mpasuaji alitoboa matundu membamba kwenye pia ya goti, akapitisha nyuzi imara, akaishonea kano mahali pake. Alinieleza kuwa hakukuwa na haja ya kukimbizana na saa, ila wiki zikipita misuli hujikunja na kazi huwa ngumu zaidi.

Kano nzima haikatiki hivi hivi, na hapa sina budi kujisema mwenyewe. Kwa miaka miwili nilikuwa na maumivu chini kidogo ya pia ya goti, yale yanayowapata sana watu wa michezo ya kuruka. Yalikuwa yakinisumbua ninapoanza kupasha misuli moto, yakipungua mchezo ukichanganya, kisha yakirudi usiku. Nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu kabla ya mechi, nikafunga goti kwa bandeji, na nikajisifu kwa ujasiri. Mpasuaji aliniambia kwamba kano aliyoikuta ilikuwa imechakaa, si kano ya kijana. Nilipokuja kusoma maisha ya Ronaldo nilijiona humo: mwaka 1996, akiwa bado kijana katika klabu ya PSV ya Uholanzi, alikwisha kufanyiwa upasuaji wa goti, kisha akaenda Barcelona akafunga mabao 47 katika mechi 49 za msimu mmoja, na dunia ikasahau kwamba mwili huo ulikwisha kutoa onyo. Nani angekumbuka goti la mtu anayefunga namna ile?

Wiki sita za mwanzo nitazipitia haraka kwa kuwa hazina hadithi. Mguu ulifungwa kwenye kifaa chenye vyuma pembeni, umenyooka, nikatembea kwa magongo, nikalala chali. Ila jambo moja la wakati huo bado linanishangaza. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyepangiwa kunihudumia, mwanamke mtulivu ambaye sikumsikia akipaza sauti hata mara moja, aliweka kiganja juu ya paja langu, akasema, "Kaza msuli, kaka." Nikakaza. Hakuna kilichotokea. Nilitazama paja langu mwenyewe, nikaliamuru, nikakunja uso na kuuma meno, na nyama ile ikabaki imelala kama haijanisikia. Maumivu nilikuwa nimejiandaa kuyapokea, lakini kutotiiwa na mguu wangu mwenyewe hakuna aliyenionya. Alinieleza kwamba goti likijeruhiwa na kuvimba, ubongo huzuia msuli wa paja usifanye kazi, kama mlinzi anayefunga lango baada ya ajali, na kwamba kazi yetu ya kwanza ilikuwa kumbembeleza mlinzi huyo. Tulimbembeleza siku tisa. Siku ya tisa msuli ulicheza kidogo juu ya pia ya goti, mtikisiko mdogo kama wa ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, nami nilishangilia kuliko bao lolote nililowahi kufunga.

Mama alikuwepo chumbani siku hiyo. Aliniacha nifurahi, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huo mpira umekupa nini hasa?" Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka leo.

Ronaldo aliingia katika jambo hili kwa mlango usiotarajiwa. Mdogo wangu, akitaka kunitia moyo, aliniletea video ya fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2002 iliyochezwa Yokohama tarehe 30 Juni, Brazil dhidi ya Ujerumani. Kila mpenzi wa soka anaijua: dakika ya 67 Oliver Kahn, mlinda mlango wa Ujerumani, anautema mpira uliopigwa na Rivaldo wa Brazil, Ronaldo anaumalizia, dakika ya 79 Rivaldo anauruka mpira kwa ujanja, Ronaldo anaupiga chini kwenye kona, na Brazil inachukua kombe kwa mabao mawili kwa sifuri. Mabao manane katika mashindano yale, kutoka kwa mtu ambaye kano ya goti lake la kulia ilikuwa imekatika. "Umeona, kaka?" alisema mdogo wangu. "Kumbe inawezekana."

Nilimshukuru, lakini video hiyo ilinikera. Mimi nilikuwa nimelala na mguu usiotii, yeye alikuwa akikimbia na bendera. Kati ya hali hizo mbili kulikuwa na pengo, na katika pengo hilo hakuna aliyekuwa ameweka kamera. Ndipo nilipoanza kusoma kwa kurudi nyuma, nikitafuta jinsi alivyofika pale, na nikagundua kwamba hadithi ninayoijua, ya kuumia kisha kurudi kwa kishindo, ilikuwa imerukwa sehemu yake ya katikati.

Alivyoumia hasa ni hivi. Tarehe 21 Novemba 1999, akiichezea klabu ya Inter Milan ya Italia dhidi ya Lecce, Ronaldo aliumia kano ya goti la kulia, ile ile iliyonikatika mimi, ingawa yake haikukatika yote siku hiyo. Alipasuliwa Paris na profesa Gérard Saillant. Alikuwa na umri wa miaka 23, amekwisha kupata tuzo ya mchezaji bora, Ballon d'Or, ya mwaka 1997, na kila juma magazeti yaliuliza atarudi lini. Alirudi tarehe 12 Aprili 2000, katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio mjini Roma, chini ya miezi mitano tangu aumie na siku chache tu baada ya mwanawe wa kwanza kuzaliwa. Aliingia kipindi cha pili kama mchezaji wa akiba. Alicheza kama dakika sita. Alipokea mpira, akaanza kumwendea beki kwa ile chenga yake ya kupitisha mguu juu ya mpira, na goti likakatika bila kuguswa na mtu yeyote. Safari hii kano ilikatika kabisa. Nilton Petrone, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimhudumia, alisimulia baadaye kwamba pia ya goti ilipanda hadi katikati ya paja.

Niliiangalia video hiyo mara moja tu, sikuweza kuirudia. Mtu mwingine huenda akaona mchezaji ameanguka, akalia, akabebwa. Mimi nilitambua mahali mkono wake ulipokwenda.

Mtu hawezi kusema kwa uhakika kwamba angesubiri zaidi asingeumia, na sitaki kujifanya nimekuwa daktari wa Ronaldo. Kano iliyokwisha kushonwa, mwili wenye nguvu zisizo za kawaida, mwendo unaobadilika ghafla kwa kasi ile, yote yana mchango wake. Lakini nilimuuliza mtaalamu wangu kuhusu muda, naye alinieleza jambo ambalo nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Kano iliyoshonwa hushika mapema, na mtu huacha kusikia maumivu mapema, ila nyuzi zake mpya huwa zimekaa ovyo, hazijajipanga kuelekea upande ambao mzigo unavutia, na kujipanga huko huchukua miezi mingi baada ya mgonjwa kujiona mzima. "Hatari yako haiko sasa unapochechemea," alisema. "Iko siku utakayoniambia hujisikii chochote."

Siku hiyo ilifika mwezi wa tano. Nilikuwa nimeacha magongo zamani, goti linakunjika karibu lote, ngazi napanda na kushuka, na kwenye baiskeli ya mazoezi nilikuwa nikikaa nusu saa bila kujali. Timu yetu ilikuwa imefika nusu fainali ya kombe, na mshambuliaji aliyechukua nafasi yangu alikuwa amefungiwa mechi mbili kwa kadi. Mwalimu wa timu yetu alinipigia simu usiku. Ni mtu ninayemheshimu. Ndiye aliyenifundisha kusimama kati ya mabeki wawili nikingoja makosa yao, na sikuwahi kumkatalia neno.

"Habari za goti?"

"Nzuri, mwalimu. Linakwenda vizuri."

"Nimesikia unapanda ngazi kama mbuzi. Basi njoo ukae benchi tu. Tukihitaji, dakika kumi. Hutaruka, hutapambana, utasimama tu uwavute mabeki."

Nilimwambia nitampa jibu kesho. Ukweli ni kwamba moyoni nilikwisha kukubali kabla hajamaliza sentensi, na nilipokata simu nilikwenda kutafuta njumu zangu chini ya kitanda, nikazifuta vumbi, nikavaa cha kulia, nikasimama. Goti halikuuma. Nikachuchumaa nusu, halikuuma. Nikajiambia kwamba dakika kumi ni kitu gani. Hapo ndipo hesabu ilinijia yenyewe: mwezi wa tano, kutoka benchi, kipindi cha pili, mechi ya kombe, dakika chache tu. Nilikuwa nimesimama chumbani na kiatu kimoja mguuni, nikiirudia tarehe 12 Aprili 2000 kila kipengele, isipokuwa mimi sikuwa na profesa wa Paris wa kunishona mara ya pili.

Asubuhi nilimpigia. Nilijaribu kwanza kumsingizia mtaalamu wa viungo kwamba amenikataza, kisha nikaona aibu, nikamwambia ukweli kwamba hakuna aliyenikataza, ni mimi ninayeogopa kukatika tena. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Haya, mwanangu, ni mwili wako," kwa sauti ambayo iliniumiza kwa majuma kadhaa, kwa kuwa sikuweza kujua kama ameelewa au amenidharau. Tulifungwa nusu fainali ile bao moja kwa sifuri. Nilikuwa jukwaani, na katika dakika za mwisho mpira ulianguka miguuni mwa kijana aliyewekwa mahali pangu, akaupaisha. Wachezaji wenzangu wawili hawakunisalimia walipopita.

Kuanzia hapo niliacha kuuliza nitarudi lini, nikaanza kuuliza goti linaweza nini. Mazoezi yenyewe hayakuwa na maajabu yoyote, na nadhani ndiyo sababu watu hawayasimulii. Siku tatu kwa juma nilisukuma uzito mkubwa kwa mguu mmoja, polepole sana, sekunde tatu kuteremsha na sekunde tatu kupandisha, kwa kuwa kano hujengwa na mzigo mzito wa taratibu kuliko mikimiki. Siku zilizobaki zilikuwa za baiskeli, kunyoosha viungo, na kupumzika, na kupumzika ndiko kulikonishinda zaidi. Tulikuwa na sheria moja ya maumivu ambayo namshauri kila mwenye kano mbovu aijue: wakati wa zoezi, maumivu yaliyo chini ya tatu katika kipimo cha sifuri hadi kumi yanaruhusiwa, mradi kesho asubuhi goti limerudi kama lilivyokuwa. Likiamka limevimba au limekakamaa, mzigo wa jana ulizidi, na leo unapunguzwa bila mjadala. Niliandika namba ya kila asubuhi kwenye daftari. Kuna kurasa nzima zenye namba mbili, mbili, mbili, tatu, mbili. Mtu akilifungua daftari hilo atadhani ni la mwendawazimu.

Mwezi wa saba nilianza kukimbia, dakika moja kukimbia na dakika mbili kutembea. Mwezi wa tisa tulifanya kipimo cha kwanza cha kuruka: unasimama kwa mguu mmoja, unaruka mbele uwezavyo, unatua kwa mguu ule ule na kutulia, kisha unalinganisha miguu miwili. Mguu wa kulia ulitakiwa kufika walau asilimia 90 ya wa kushoto. Ulifika 78. Nilikuwa nimejiona mzima kabisa tangu mwezi wa tano, na sasa namba ilikuwa ikiniambia kwamba ningeingia uwanjani usiku ule wa nusu fainali, ningekwenda na mguu ambao hata miezi minne baadaye ulikuwa bado umepungukiwa kwa zaidi ya moja ya tano. Nilikasirika, nikamlaumu mtaalamu, nikalaumu sakafu. Yeye aliandika 78 akanipangia uzito mpya.

Katika miezi hiyo nilirudi kwa Ronaldo, lakini sasa nilikuwa nikisoma kipindi kisicho na video. Msimu mzima wa 2000/2001 hakucheza hata mechi moja. Kati ya usiku wa Roma na siku aliporejea tena rasmi katika Kombe la UEFA, Septemba 2001, ilipita karibu miezi kumi na saba. Hata aliporejea hakuwa yule wa fainali ya Yokohama: alikuwa akiingia na kutoka, misuli ya paja ikimsumbua, na katika ligi msimu huo alicheza mechi chache tu. Tarehe 5 Mei 2002 Inter ilifungwa na Lazio mabao manne kwa mawili, katika uwanja ule ule wa Roma, ikapoteza ubingwa siku ya mwisho, na Ronaldo alionekana akilia kwenye benchi. Hapo ilikuwa imebaki chini ya miezi miwili kufika fainali ya Kombe la Dunia. Kocha Luiz Felipe Scolari alimwacha mshambuliaji mkongwe Romário nyumbani na kumchukua yeye, uamuzi uliowakasirisha Wabrazili wengi. Ukisoma tarehe hizi kwa mfuatano unaona kwamba kurudi kwake hakukuwa mlango uliofunguka siku moja. Kulikuwa na miezi ya nusu-kurudi, ya mtu asiyejua bado kama amerudi.

Hata ule mtindo wa nywele wa Yokohama, kile kijipembetatu juu ya paji la uso ambacho watoto wa dunia nzima waliiga kwa hasara ya vichwa vyao, ulikuwa na uhusiano na mwili. Ronaldo alikuja kueleza kwamba alikuwa na maumivu ya kinena kabla ya nusu fainali, na kila mwandishi alikuwa akiuliza juu ya jeraha hilo, basi akanyoa hivyo ili wazungumzie nywele. Walizizungumzia kweli. Nilicheka sana niliposoma hilo, maana nami nilikuwa nimechoka kuulizwa na kila mtu, "Goti vipi?", ila nywele zangu hazingemshughulisha mtu.

Hofu ilikuja mwishoni, wakati ambapo nilidhani itakuwa imeondoka. Mwezi wa kumi na moja nilipata asilimia 93, nikaruhusiwa kufanya mazoezi na timu bila kugombania mpira, kisha majuma matatu baadaye kwa kugombania. Mguu ulikuwa tayari, lakini kila krosi ilipopigwa kutoka kulia nilijikuta nimechelewa nusu hatua, nimesimama na miguu yote miwili chini, nikiutazama mpira ukipita. Usiku nilimfikiria Marco van Basten, mshambuliaji wa Uholanzi, ambaye mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya Mei 1993, akahangaika na kifundo cha mguu miaka miwili, kisha akaaga soka mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 30. Kwa kila anayerudi yuko asiyerudi, naye alisubiri pia, naye alikuwa na madaktari. Nilimweleza mtaalamu wangu hofu hiyo nikitegemea maneno ya faraja. Aliniambia niruke.

Alinipeleka uwanjani saa ambayo hakuna watu, akasimama mahali pale pale kwenye eneo la hatari upande wa kulia, akanirushia mpira kwa mkono, mwepesi, kwenye kimo cha kifua. Kisha juu kidogo. Kisha juu zaidi. Tulifanya hivyo mara kumi na tano, siku mbili kwa juma, kwa majuma manne. Hakunifundisha kuisahau ile siku. Alinirudisha katika mwendo ule ule uliokata kano, kwa vipimo vidogo vidogo, mpaka mwili ukakusanya kumbukumbu nyingine nyingi zinazofanana na ile moja mbaya. Mwishoni mwa juma la nne nilikuwa nikiruka na kulalamika kwamba anarusha vibaya.

Nilirudi kwenye mechi mwezi wa kumi na tatu, mechi ya kawaida ya ligi isiyo na kombe wala watazamaji wengi, na niliichagua kwa sababu hiyo. Tulikubaliana dakika kumi na tano. Mwalimu, yule yule, alinishika bega pembeni mwa uwanja akasema, "Ukisikia chochote, kaa chini, usione haya," na hapo nikajua alikuwa ameelewa ile simu tangu siku ile. Sikufunga bao. Niligusa mpira mara sita au saba, nikapoteza mara mbili, nikashinda mpira mmoja wa kichwa ambao haukwenda popote. Krosi ya kwanza kutoka kulia ilipokuja niliirukia kwa mguu wa kushoto, bila kupanga, na tangu hapo ndivyo ninavyoruka zaidi. Mtaalamu anasema mwili umejichagulia, nami simbishii.

Nimecheza misimu miwili tangu wakati huo, na nimekuwa mchezaji wa namna nyingine. Zamani nilipenda kuanzia mbali na kukimbia na mpira; siku hizi nakaa karibu na lango na kuwaachia wenye mapafu. Ronaldo wa Real Madrid alifanya hivyo pia, na watu waliosema amekwisha walimwona Aprili 2003 akifunga mabao matatu Old Trafford, kisha mashabiki wa Manchester United wenyewe wakasimama kumpigia makofi alipokuwa akitolewa. Hata hivyo siusahau mwezi wa Februari 2008, alipokuwa AC Milan, na kano ya goti la kushoto, lile lililokuwa zima, ikakatika katika mechi dhidi ya Livorno. Kwa hiyo mazoezi ya taratibu nayafanya kwa miguu yote miwili, siku mbili kwa juma, hata ligi inapokuwa mapumzikoni. Kupiga magoti kwenye sakafu ngumu bado kunanichoma pale penye kovu, na asubuhi za baridi hatua tatu za kwanza huwa nzito.

Juma lililopita nilikwenda kupimwa kwa mara ya mwisho. Mtaalamu wangu alizungusha utepe kwenye mapaja yangu yote mawili, akasoma, akaandika, akafunga faili. Paja la kulia bado ni pungufu kwa sentimita moja.